Mama Sikio, Aliyesikiliza Vifua

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Sikio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, na wazazi walisema alianza kudaka maneno ya wakubwa kabla hajaota meno.

Alisoma hapa mtaani, akahitimu uuguzi mwaka 1982, akapangiwa wodi ya wagonjwa mahututi, akadumu humo hadi alipostaafu mwaka 2021. Mashine ya kupumulia aliiheshimu lakini hakuiamini mia kwa mia, kwani husukuma hewa tu, haijui imefika wapi, hivyo kila alipoingia zamu aliipasha stetoskopu joto kiganjani, akamsalimia mgonjwa hata aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, akasikiliza kifua kulia na kushoto, na wenzake wakamtania kwamba anawabishia hodi watu wasioweza kufungua.

Juni 1986 aliletwa dereva wa lori aliyepata ajali, kioo cha mashine kikionyesha mambo shwari, lakini dada akasikia upande wa kushoto kimya, akamwita daktari, wakakuta mpira wa kupumulia umezama mno, hewa ikiingia pafu la kulia tu, wakauvuta kidogo, pafu la kushoto likaitika. Dereva huyo ndiye shemeji yetu. Walifunga ndoa tarehe 14 Mei 1988, wakajaliwa mabinti wawili, na shemeji hachoki kusema kuwa alichumbiwa akiwa hajitambui.

Mwaka 2023 mapafu ya dada yalianza kukakamaa, akakataa kuwekwa kwenye mashine, akaomba kuugulia nyumbani, jambo lililomtia shemeji hofu kwamba yeye, aliyeokolewa na sikio lile, hataweza kumfaa. Dada akamfundisha kusikiliza, na kila asubuhi akamsahihisha kwamba ashuke kidogo, au apande, kwani hapo alipoweka ni figo. Walicheka sana, na dada alikuwa ameridhika.

Jumanne tarehe 4 Juni 2024, shemeji aliipasha stetoskopu joto kiganjani, akamsalimia, akaiweka kulia, kisha kushoto, akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akatuita.

Inatuuma, lakini tunawashukuru madaktari, wauguzi waliokuwa wakija nyumbani, wenzake wa wodini, na majirani waliopunguza sauti za redio bila kuombwa. Stetoskopu imebaki kwa shemeji, tunaomba asiulizwe.

Mama Sikio, zamu yako imekwisha, umetusikiliza vya kutosha, pumzika kwa amani.