Siegbert Katzmann na Beji Tisa za Fedha, 1874–1939

Marehemu Siegbert Katzmann, tunayemzika leo Alhamisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1874 mjini Lissa, jimbo la Posen, mtoto wa nne wa mzee Salomon, mchuuzi wa nyuzi, na mama Jettchen. Nimeombwa kusoma wasifu huu mimi, shemeji yake, kwa sababu watoto wake wako ng'ambo.

Alisoma Lissa, kisha chuo cha ufumaji hapa Chemnitz, alikofika na jozi moja ya soksi. Alipenda kusema kwamba alifungua kiwanda ili apate za kubadilisha.

Alianza mwaka 1901 na mashine sita. Kufikia 1928 alikuwa na wafanyakazi mia tisa. Kwa miaka kumi na mmoja aliongoza chama cha wenye viwanda vya soksi, mpaka Aprili 1933, wenzake walipomwandikia mistari miwili kwamba, akiwa Myahudi, hahitajiki tena. Kiwandani alikuwa na desturi yake. Kila aliyetimiza miaka ishirini na mitano kazini, Siegbert alimbandika beji ya fedha kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Hakumtuma karani hata mara moja.

Alimwoa dada yangu Recha tarehe 3 Juni 1906, wakajaliwa Walter na Lore.

Aprili 1938 viza ya Brazili ilipatikana, meli ikiwa tarehe 11 Mei. Siegbert akagoma. Wanawake tisa wangetimiza miaka yao ishirini na mitano kazini tarehe 1 Juni.

“Shemeji, zitume kwa posta,” nilimwambia.

“Ahadi ni deni, Emil. Nitawatazamaje usoni?”

“Utawatazama wapi?” Recha akadakia. “Si utakuwa Brazili, mwanamume wewe!”

Meli ikaondoka bila wao. Tarehe 1 Juni alisimama mbele ya wafanyakazi, beji mkononi. Wa kwanza, Bi Ottilie Krahl wa idara ya kufungasha, alirudi nyuma.

“Mzee, usiniguse, tafadhali. Wanatazama. Niwekee tu mezani.”

Akaziweka zote tisa mezani, akarudi nyumbani. Viza ilikuwa imekwisha muda wake jana yake. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Agosti kiwanda kilichukuliwa kwa amri ya serikali. Novemba akachukuliwa mwenyewe, akapelekwa kambi ya wafungwa. Alirudi baada ya wiki nne, kanyolewa kichwa, kifua kimeharibika. Alikuwa ametia saini kwamba hatasema yaliyompata huko, nasi hatukumuuliza. Walter alihangaika huko aliko, na viza nyingine ikafika tarehe 9 Januari. Recha alimsomea kitandani.

“Safari hii sibishi, mke wangu,” akasema.

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Januari 1939, saa nne asubuhi.

Ameacha mwanawe Walter, São Paulo. Binti yake Lore, Haifa. Na wajukuu watatu ambao hakuwahi kuwaona. Ameacha pia mjane, Recha, anayesimama hapa mbele yenu. Viza ile ilikuwa ya Siegbert. Recha aliandikwa humo kama mke anayefuatana na mumewe. Jana nilipeleka karatasi zake ubalozini. Karani alizisoma, akaniuliza, “Sasa huyu anafuatana na nani?”

Nikazikusanya karatasi, nikarudi nazo. Siegbert apumzike kwa amani. Wewe, dada yangu, sijui nikufanyie nini.