Mama Ndaki wa Kwenye Leseni

Sogeeni, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Ndaki, kaa hapo niuone uso wako. Vumilia, acha kunifunika, shuka moja inatosha. Na wewe Sesilia, jirani yangu, usiondoke, maana umo ndani ya maneno haya na sipendi kumsengenya mtu aliye nje ya mlango. Daktari wa hospitali ya Kolandoto aliniambia bila kuzunguka kwamba dawa zimefika mwisho, nami nikamshukuru nikaomba nirudishwe hapa Nyasubi, nisikie kelele za soko hadi siku yangu ifike. Msilie. Nimekula chumvi nyingi na nimecheka kuliko nilivyolia, ila kuna jambo moja nataka liishe leo ndipo nifumbe macho kwa raha.

Ya shamba na mifugo ni mafupi. Shamba la Ibadakuli alilotuachia baba yenu Nkwabi mligawane katikati, kaka na dada sawa kwa sawa, na mpaka ni ule mstari wa minyaa. Ng'ombe wanne ni wa Ndaki. Masufuria, visu na nyavu za kuanikia ni za Vumilia. Hapo najua hakuna mwenye neno, neno liko kwenye biashara.

Nilianza kuuza michembe nikiwa na mimba ya Vumilia. Nilimenya viazi vitamu, nikavikata vipande, nikavianika juani mpaka vikakauka kabisa, na wachimbaji wakanipenda kwa sababu michembe haiozi, mtu anaibeba hadi maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, anaichemsha na karanga, anashiba. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniita Bernadina, jina langu la ubatizo. Nilikuwa Mama Ndaki kwa wateja, Mama Ndaki kanisani, Mama Ndaki hata kwa mama yangu mzazi. Halafu siku moja nikakuta mwenzangu wa meza ya jirani ameandika Mama Ndaki kwenye mifuko yake ya michembe. Sesilia, inua kichwa, hayo tuliyamaliza, nawe ndiye uliyenishika mkono juzi nilipoanguka. Lakini siku ile nilikwenda kwa mwenyekiti wa soko nikiwa natoka moshi, naye akaniuliza kwa upole, karatasi inayosema Mama Ndaki ni wewe iko wapi? Sikuwa nayo, nikarudi nyumbani.

Vumilia ndiye aliyenipeleka kwenye duka la steshenari la yule binti Dorah, akaweka namba yangu ya kitambulisho kwenye kompyuta, tukaanza kutafuta jina la kusajili BRELA, wanakoandikisha majina ya biashara. Tukajaribu Michembe Bora, likakataliwa, kuna mtu kaliwahi. Tukajaribu Michembe Safi, nalo lina mwenyewe. Nikiwa nimeshakata tamaa, mteja akachungulia akaniuliza, Mama Ndaki, leo mezani kuna nani? Dorah akacheka, akaandika Mama Ndaki Michembe, likapita. Cheti kikatoka, tukafuata namba ya mlipakodi, kisha tukaenda halmashauri kuchukua leseni. Pale karani aliita Bernadina Masalu mara tatu, nami nikawa nageuka huku na huku kumtafuta huyo mama asiyesikia, mpaka Vumilia akanisukuma. Nilicheka njia nzima. Nilikuwa na miaka sitini na mbili, na ndiyo kwanza serikali imejua ninachofanya.

Sasa, Ndaki. Umekuwa ukinipigia kutoka Geita, huko kwenye makarasha yenu ya kusaga mawe, ukisema biashara ni yako kwa sababu jina lililo kwenye leseni ni lako. Sikukasirika, mwanangu, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jina ni la biashara, mwenye biashara ni Bernadina, na Bernadina akiondoka cheti hakijui kumtafuta mtoto chenyewe. Kwa hiyo mwezi uliopita, kwa akili zangu timamu na bila kushikwa mkono na mtu, nilimwingiza Vumilia kwenye usajili awe mbia wangu. Yeye ndiye anayejua viazi vya kukata leo na vya kesho. Wewe hujashika kisu cha viazi tangu uote ndevu, na hilo silisemi kwa ubaya.

Lakini kuna jambo sheria haikuniuliza. Vumilia hakujaliwa mtoto, nalisema mbele yake kwa kuwa tumelizungumza wawili. Wenzake wote wana jina la uzazi, yeye bado anaitwa dada. Ila wateja wapya wakimkuta pale mezani kwenye kibao chetu cha jina humwita Mama Ndaki, naye huitika. Mara ya kwanza nilipomsikia akiitika, alitabasamu mchana kutwa, nami nikajifanya nahesabu mifuko ili asinione nikifuta machozi. Ndaki, ulipozaliwa nililichukua jina lako sikukuuliza, na nilipoliandika kwenye cheti sikukuuliza. Leo nakuuliza. Mwachie mdogo wako aitwe hivyo, pale sokoni na hata hapa nyumbani, na usimnung'unikie. Ukikataa sitakulaumu, atatafuta jina lingine, lakini moyo wangu utauma.

Mbona unainuka? Usitoke kwa hasira, mwanangu, bado sija... Kumbe unamwendea mdogo wako. Unamwambia nini? Sema tena, sikio hili limeziba.

Mmesikia wote? Amemwambia, "Mama Ndaki, nimetoka Geita tangu alfajiri, sijala." Na hakunitazama mimi.

Vumilia, nenda kampikie, machozi utayafuta jikoni. Hapana, ngoja kidogo, nimalizie, pumzi inakuwa fupi. Leseni inaisha mwezi huu, msiiache ilale. Ndaki, kila ukirudi Geita ubebe mifuko yake uwauzie wenzako, naye akupe haki yako bila kukunyima. Sesilia, msaidie mwanangu meza yake kama ilivyokuwa yangu. Nipumzisheni Ibadakuli karibu na Nkwabi, na msiweke sherehe kubwa, ila wachimbaji wakija wapikieni michembe ya karanga.

Mungu awape afya, awape maelewano... awape wateja wanaorudi. Wabeja, wanangu, asanteni kwa kunilea uzeeni. Nilaze upande huu, Ndaki... polepole. Na msalabani... msikosee. Andikeni Bernadina. Hilo lingine... lina mtu.