Kadi Nane za Korongo

Benchi letu liko mbele ya duka la donati, Mtaa wa Nne, Reno, mji wa makasino. Kila Jumatano asubuhi tunalijaza sisi tunaokusanya kadi za kasino: zile za uanachama, ambazo mchezaji huchomeka kwenye mashine ya kamari ili atambuliwe, huku zikining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kujikunja. Kasino ikifungwa, kadi yake hupanda cheo kwetu. Na tunazitaka safi, zisizo na jina la mtu. Delbert, tunayemwita Albamu, ndiye msafi kuliko wote. Majina huyafuta kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Jumatano hiyo alikuja na kadi nane nyekundu za Korongo wa Fedha, kasino iliyofungwa miaka miwili iliyopita, akazipanga mapajani. Zote zilifanana. Moja ilikuwa ya marehemu mkewe, ambaye majivu yake yangezikwa kesho yake. Mama yule aliomba kitu kimoja tu: azikwe na kadi yake.

— Tangu juzi nazitazama, alisema Albamu. Sijui ipi ni ipi.

— Ulifuta mpaka ya mkeo? aliuliza Verna, aliyetufundisha sote kanuni za kukusanya.

— Si wewe uliyesema kadi yenye jina ni takataka?

— Nilisema jina la mtu baki, bwana! Sikusema la Mama Robo.

Ndivyo tulivyomwita, kwa kuwa hakuchezea mashine nyingine ila za robo dola.

— Aliniuliza, "Kadi yangu iko wapi?" alisema Albamu. Nikamwambia nimeihifadhi. Hata chupa ya dawa ilikuwa yake.

Orrin, aliyekuwa fundi wa mashine hizo miaka thelathini, alikohoa.

— Sikiliza, mzee. Huo mstari mweusi wa sumaku wa nyuma haufutiki kwa dawa. Unakumbuka kila kitu. Chomeka zote nane, mashine yenyewe itamkaribisha kwa jina.

— Mashine ipi? Za Korongo ziliuzwa kama vyuma chakavu. Si ulikuwepo?

— Nilizipakia mimi, alikiri Orrin. Mgongo unaniuma hadi leo.

Verna alinyoosha mkono.

— Lete hapa. Alikuwa anapaka mafuta ya lozi. Nitanusa.

Alinusa moja moja, macho ameyafumba.

— Hii! Hapana. Hii inanukia donati.

— Mkono wako ndio unaonukia donati, Verna.

— Ngojeni, alisema Orrin. Mama Robo alikuwa anaibusu kabla ya kuichomeka. Alama za midomo ni kama za vidole, za watu wawili hazifanani. Polisi wana chombo cha kupimia.

— Utawapigia polisi uwaambie nini? Kuna busu limepotea?

— Basi kuna yule mama mpiga ramli wa nyuma ya duka la dobi, alisema Verna. Ananing'iniza pete kwenye uzi. Ikizunguka juu ya kadi, ndiyo hiyo.

— Huyo aliniambia paka wangu atarudi, alisema Orrin. Mwaka wa sita huu.

— Basi mzike na zote nane, tumalize!

— Alale milele na watu saba asiowajua? alisema Albamu. Mtu ambaye hata lifti hakupenda kupanda na wageni?

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Mimi nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Kazi ya kwanza ya kila mwaka ilikuwa kuandika majina kwenye vikombe vya watoto, maana mtoto asipoliona jina lake hulia.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa Marisela, mgeni aliyekuja kwa basi kutoka Elko kubadilishana kadi. Kitabu chake cha kadi kilikuwa bado kwapani.

— Samahani, alisema. Huyo mama alikuwa anaitwa nani?

— Mama Robo, alijibu Orrin.

— Hilo si la utani? Nauliza lililokuwa kwenye kadi.

Orrin alimtazama Verna. Verna akanitazama mimi. Miaka kumi na moja nimekaa na mama yule kwenye benchi hili. Najua donati aliyoipenda, najua goti lililomsumbua wakati wa baridi. Jina lake sikulijua.

Albamu alikuwa akipitisha kidole juu ya kadi moja, pale palipofutwa.

— Ardith, alisema. Ardith Maeve Lindqvist. Hilo la katikati alikuwa halipendi.

Verna alipekua mkoba, akatoa ile kalamu ya wino usiofutika anayoandikia maboksi yake. Miaka yote ametuonya kwamba kalamu haigusi kadi. Alikivuta kifuniko kwa meno, akampa Albamu.

— Niandike kwenye ipi? aliuliza Albamu.

— Yoyote, mzee. Andika polepole.

Akaandika, akaliacha lile la katikati.