Mita Moja ya Neville Oldroyd

Tarehe 30 Septemba mwaka huu Neville Oldroyd, mtunza uwanja wa klabu yetu ya raga, Skelbeck Rovers, anastaafu baada ya kuitumikia kwa miaka arobaini na mitatu. Aliajiriwa Agosti 1980, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kwa majaribio ya wiki sita. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majaribio yamekwisha, naye hakuuliza.

Wasifu huu ulikuwa tayari tangu Julai. Ulikuwa mfupi na wa kuchekesha, kama anavyostahili mtu mcheshi. Imebidi uandikwe upya kwa sababu ambazo kila mtu mjini anazijua, na aliyeuandika bado hajapona mshtuko. Lakini kwanza yasemwe yale ya Julai, maana nayo ni kweli.

Neville alikuta uwanja wa tope na akauacha zulia. Mto ulipofurika na kuingia hadi chini ya milingoti ya goli, aliokota samaki sita aina ya mikunga kwenye nyasi kwa mikono yake, akawarudisha majini mmoja mmoja, kisha akawalaumu kwa kuchimba uwanja. Wenyeviti wanne wa klabu walifukuzwa naye uwanjani kwa kuvaa viatu vya ofisini. Maharusi waliotaka kupiga picha katikati ya uwanja aliwakatalia katakata, wakaanza kuondoka, na kabla hawajafika getini alikuwa amekwisha watandikia mbao kutoka ukingoni hadi mstari wa kati ili bibi harusi apite bila kugusa jani. Wachezaji aliwaita ng'ombe. Kila Jumatatu baada ya mechi alisimama kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo na kuuliza ni nani aliyewafungulia zizi.

Kwa sisi tuliohamia mji huu kutoka mbali, tuliokulia kwenye viwanja vya mchanga visivyo na mstari hata mmoja, ilikuwa ajabu kumwona akipiga magoti na kamba na tepu kila Februari, akipima uwanja ambao hakuna aliyedai kwamba umesogea. Alisema nyasi hazina kumbukumbu. Mtu ndiye mwenye kumbukumbu.

Tepu yake ya chuma ilikatika mita ya kwanza mwaka 1991, ilipopitiwa na mashine ya kukatia nyasi. Wengine wangenunua nyingine. Neville alifunga kitanzi cha waya kwenye alama ya moja, akakinasa kwenye kigingi cha mstari wa goli, na tangu siku hiyo akawa anaongeza moja kwa kila kipimo. Akitaka mita kumi, alisoma kumi na moja. Akitaka arobaini, alisoma arobaini na moja. Miaka thelathini na miwili aliongeza moja, hata mkono ukawa unaongeza wenyewe.

Februari mwaka huu, akiwa amebakiza mstari mmoja tu, tepu ile ikakatika katikati. Klabu ilikuwa imemnunulia mpya wakati alipotimiza miaka arobaini kazini, nayo ilikuwa bado kwenye sanduku lake. Akaitoa, akanasa ncha yake kwenye kigingi, akaumalizia mstari uliobaki, akaenda kunywa chai.

Mstari huo ulikuwa ule mwekundu wa mita arobaini, upande wa mtoni.

Msimu uliofuata hauhitaji kusimuliwa kwa urefu. Tulipoteza mechi nane za kwanza. Mei alikuja Kieran Haigh, aliyeacha kazi ya kuezeka mapaa pamoja na baba yake ili ale jasho la mguu wake wa kushoto, na mguu huo ukatuinua. Kila msomaji wa jarida hili anajua thamani ya mkwaju wa arobaini na ishirini. Mchezaji akipiga mpira akiwa nyuma ya mstari mwekundu wa upande wake, ukadunda na kutoka nje ndani ya mita ishirini za wapinzani, timu yake hupewa mpira pale pale ulipotokea. Ni kama kuvuka mji mzima kwa hatua moja. Kieran alipiga mikwaju mitano ya namna hiyo. Hakuwa akitazama chini. Alitueleza mwenyewe kwamba, akiwa upande wa mtoni, huona mlango wa kibanda cha chai ukiwa usawa wa bega lake, basi hujua kwamba mstari uko mbele ya kidole chake cha mguu.

Mkwaju wa Juni dhidi ya Thornscar ndio uliotupa ushindi wa 18 kwa 16. Ilipofika wiki ya mwisho ya msimu, Thornscar walikuwa mkiani, pointi mbili tu chini yetu. Tulihitaji sare nyumbani dhidi ya Marfield. Tukipoteza na Thornscar wakashinda, tungelingana pointi, wao wakatupita kwa tofauti ya alama za kufunga na kufungwa, nasi tungeshuka daraja. Kushuka maana yake ni kwamba wachezaji ishirini na watano wanaolipwa mshahara wa mwezi wangerudi kutafuta kazi za mchana.

Jumatatu ya wiki hiyo Neville alikuwa akimkabidhi kazi Rachel Dewhirst, anayechukua nafasi yake baada ya miaka kumi na tano kwenye viwanja vya kriketi. Alimpa tepu mpya, yeye akashika daftari. Rachel alinasa ncha kwenye kigingi cha mtoni, akatembea hadi kwenye mstari mwekundu, akasoma arobaini na moja. Neville akaandika arobaini, akamwambia waendelee.

"Kwa nini unatoa moja?" Rachel aliuliza.

Neville akaanza kumweleza habari za mashine ya kukatia nyasi. Akaishia katikati ya sentensi. Alirudi kwenye kigingi, akainama, akaishika ncha ya tepu kwa vidole viwili, nzima, ikiwa na sifuri yake. Rachel anasema alikaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba, na kwamba hajawahi kuona mtu mzima akibadilika rangi namna ile.

Mstari ulikuwa mita moja mbele ya mahali pake. Picha za mechi ya Juni zipo, na kila mtu aliziangalia baadaye: kidole cha Kieran kiko kwenye ukingo wa rangi. Ule mkwaju haukuwa halali.

Waliojua walikuwa watu wawili. Waamuzi kumi na watatu walikuwa wameukagua uwanja huo msimu mzima bila kuona kitu. Neville na Rachel wangeweza kuuacha mstari mpaka Jumapili ipite, na mvua ya Oktoba ingeufuta. Rachel alimwambia hivyo, kwa upole, na haoni aibu kukiri. Neville alimwachia daftari, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti wetu, Bi Marjorie Crossley, akakanyaga zulia lake na buti za tope. Mtu aliyefukuza wenyeviti wanne kwa sababu ya viatu. Tuliokuwa chumba cha tiketi tulijua hapo hapo kwamba kuna jambo.

Bi Marjorie alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza nani mwingine anajua.

"Rachel anajua," Neville alisema. "Na mimi najua."

"Neville, ndugu yangu, zimebaki siku sita."

"Ndiyo. Na mimi siku kumi na tisa. Nikikaa kimya, nitakwenda na mita hiyo nyumbani."

Bi Marjorie aliandikia wasimamizi wa ligi alasiri ile ile, na Neville akaufuta mstari na kuuchora upya mbele ya wachezaji. Kieran alimwendea akiwa na viatu vya mazoezi.

"Mzee, umetuuza."

"Mguu wako ulikuwa sahihi, kijana. Mstari ndio haukuwa sahihi, na mstari ni wangu."

Kieran akarudi mazoezini. Mjini hali haikuwa nzuri. Kwenye duka la samaki na chipsi Neville aliulizwa kama angependa kupimiwa samaki wake kwa tepu. Alhamisi wakaja watu wawili wa ligi na vyombo vyao, na Ijumaa jibu likatoka: waamuzi huamua kwa mistari waliyoikuta uwanjani, kwa hiyo matokeo ya Juni yanabaki. Tulicheka kwa afueni hadi tukaumwa mbavu. Waliomdhihaki walimpigia honi barabarani. Wengi wetu tulidhani kwamba kisa kimeishia hapo, na kwamba kitakuwa kichekesho kizuri cha wasifu huu.

Jumapili walikuja watu elfu mbili na mia tisa. Dakika ya sabini na sita tulikuwa nyuma 18 kwa 16, tukishambulia kutoka upande wa mtoni, na habari zilikuwa zimefika kwamba Thornscar wanaongoza. Kieran akaupata mpira. Hakutazama chini. Alitazama pembeni, mlango wa kibanda cha chai ukaja usawa wa bega lake, akapiga. Ulikuwa mkwaju mzuri kuliko yote mitano. Mpira ulidunda mara moja na kutoka nje hatua kumi kutoka kwenye mstari wao wa goli, na jukwaa zima likasimama.

Kibendera cha pembeni hakikupanda. Mwamuzi alikuwa akiuangalia mguu wa Kieran, na mguu ulikuwa umevuka mstari mwekundu kwa nusu mita. Kwa mstari wa zamani ungekuwa ndani. Mpira ukapewa Marfield, wakaushikilia hadi king'ora cha dakika ya themanini kilipolia. Thornscar walishinda, nasi tukashuka daraja.

Watu hawakuondoka. Walibaki wamesimama wakiangalia nyasi, kama vile mtu angekuja kusema kwamba imehesabiwa vibaya. Kisha sauti moja ikatoka jukwaa la mtoni: "Pima na hiyo, Oldroyd." Neville alikuwa amesimama kwenye njia ya wachezaji. Alivua kofia, akabaki hapo mpaka mchezaji wa mwisho alipompita.

Jioni ile aliacha karatasi mezani kwa Bi Marjorie akiomba hafla yake ya kuagwa ifutwe. Aliandika kwamba hataki watu walazimike kuchagua kati ya kuja na kutokuja. Na ni kweli, wapo waliokuwa wamekwisha sema hawaji.

Lakini kabla karatasi ile haijasomwa, Kieran Haigh alikuwa mbele ya waandishi wa habari. Walimwuliza, kwa namna tano tofauti, kama klabu imeshushwa na mtunza uwanja wake. Alikuwa bado na tope usoni. Alisubiri wanyamaze.

"Mstari ulikuwa sahihi," alisema. "Mguu ndio haukuwa sahihi, na mguu ni wangu."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye banda la vifaa. Rachel alikuwepo, na anasema hawakukumbatiana wala kuombana radhi. Kieran aliomba aonyeshwe. Wakatoka watatu, wakanasa ncha ya tepu kwenye kigingi, wakatembea hadi arobaini. Kieran akasimama nyuma ya mstari, akageuza kichwa taratibu kutafuta kitu kipya cha kushika kwa jicho. Mlango wa kibanda sasa ulikuwa mbele yake. Alipata dirisha.

Jumatatu ijayo anarudi juu ya mapaa na baba yake, na jioni atafanya mazoezi hapa. Amesaini kubaki nasi daraja la chini. Ni yeye pia aliyeichana ile karatasi ya Neville, kwa idhini ya mwenyekiti, kwa hiyo hafla ipo: Jumamosi saa kumi, ukumbi wa klabu, pai na njegere kama kawaida. Atakayemkabidhi Neville zawadi ni Kieran. Viti vyote vimechukuliwa, na jukwaa la mtoni limeomba meza mbili.

Neville ameiacha tepu mpya kwa Rachel, ikiwa na ncha yake. Vipande vya ile ya zamani amekwenda navyo nyumbani kwa Glenys, mkewe, ambaye amekwisha kuonya kwamba bustani yake ya mboga za liki haitapimwa kwa kitu hicho.

Bwana Oldroyd, asante kwa miaka arobaini na mitatu, na kwa zile siku sita za mwisho, ambazo zilituuma na bado zinatuuma. Uwanja umeuacha na urefu wake kamili. Uwe na afya, wewe na Glenys, na mpumzike kwa raha. Ukija kututazama, vaa viatu unavyotaka.