Kuchuma Naweza, Kubeba Siwezi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mzee wa kanisa amenipa nafasi hii na akaniomba niongee kwa upole. Nitajaribu.

Mguu huu wa kushoto mnaujua. Nilipata homa nikiwa mtoto, na ilipoisha mguu ukawa umekauka. Basi. Sikusimama hapa kuulilia.

Mama yangu alipofariki, nilikwenda kuomba kazi kwenye shamba moja la kahawa, hapa katikati ya Ruiru na Thika. Siku ya kuandika watu, mnyapara hupita mbele ya foleni akiangalia mikono. Mimi nikavaa shuka ndefu mpaka chini, nikajibana kati ya wanawake wawili warefu, fimbo nimeificha nyuma. Akaangalia vidole vyangu, akasema, "Huyu aingie." Nilifurahi kama mjinga!

Maana kwa kuchuma, ndugu zangu, nawaambia, sikuwa na mpinzani. Saa nne debe limejaa kahawa nyekundu tupu. Lakini desturi ya shamba ni kwamba kila mchumaji abebe debe lake mwenyewe mpaka kiwandani, ng'ambo ya mto, ndipo karani apige alama kwenye tikiti yake. Na ule mteremko, Ngai! Siku ya tatu nikaanguka, kahawa yote ikamwagika matopeni. Mnyapara akaniambia mbele ya watu, "Rudi nyumbani. Hapa si mahali pa viwete."

Nikarudi. Na nyinyi watu wa kanisa mkaja. Mlileta unga, mlileta maharagwe, mkaniimbia. Mkanitafutia na mahali pa kukaa, pale mlangoni, ili wenye huruma wanione wakitoka. Mlikuwa na roho nzuri. Lakini ngoja niseme ukweli: hapo niliona aibu kuliko siku ile ya matope. Mwanamke mwenye vidole hivi anawekwa mlangoni kama mwavuli! Chekeni tu, lakini mnisikie.

Jumatatu moja nikarudi shambani bila kuitwa. Nikaingia laini yangu ya mibuni, nikaanza kuchuma. Laini ya pili alikuwa mama mmoja mwenye mgongo wa kubeba madebe mawili, ila mikono yake ilikuwa mizito kwa kuchuma. Nikamwambia, "Mama, nitakujazia lako. Utanibebea langu?"

Akanitazama. "Kwani ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Kiwandani mnyapara akamzuia. "Madebe yote mawili ni yako?"

"Moja ni la yule mwenye fimbo, anakuja huko nyuma. Karani, mwandikie."

"Nilimfukuza huyo. Hakuna kuandika."

Nikafika nikihema. Nilikuwa na hasira hata mguu nikausahau. Nikamwambia, "Mnyapara, ukipata hata kahawa moja ya kijani, isiyoiva, kwenye debe langu, nitaenda zangu."

Akamimina kahawa mezani. Akaitafuta ile ya kijani, haiya, akaitafuta asiione! Foleni ikawa ndefu na mtambo wa kumenya unangoja. Yule mama akakaa juu ya debe lake, akakataa kusogea. Wanawake wa nyuma nao wakatua madebe yao chini, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Mzungu mwenye shamba akatoka kuuliza kahawa iko wapi. Mnyapara akaiangalia ile foleni, akamwambia karani, "Andika."

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wanawake wa foleni ile, na yule mama, ambaye ameketi hapa na hataki nimtaje. Hata nyinyi wa unga, asanteni, niliula wote. Lakini wewe mwenye hoteli, na wewe fundi wa nguo: alikuja kwenu kuomba kazi mtu asiyesikia, mkampa chai. Chai amekunywa. Sasa mpeni kazi anayoiweza, na ile asiyoiweza mtafutieni mwenzake wa kusaidiana naye.

Mimi huu ni msimu wa nne niko laini ile ile. Kesho debe langu litavuka mto. Ukiliona mgongoni mwa mtu mwingine, usimsifu kwa huruma yake. Lake nimelijaza mimi.