Sindano ya Mdogo Wangu

Bwana asifiwe. Asanteni, nimesikia. Ila leo mniitikie hapo tu, amina nyingine mkae nazo kwanza, maana mimi mkinishangilia huwa naharibu.

Mnanijua. Mama wa mchele wa pale mpakani, mdomo hauna breki. Wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wananiita bamayo, yaani mama wa heshima, basi hapo hapo navimba kichwa. Na mdogo wangu mnamjua, fundi cherehani, yule pale benchi la nyuma amekaa na nesi wetu wa zahanati. Kwamba aliugua akili si siri, mlimwona barabarani mchana kweupe. Tulimpeleka hospitali ya mbali, safari ya kulala njiani, akakaa huko muda mrefu. Mimi nikawa naenda mara moja moja na sabuni na sukari, narudi najiona dada mwema.

Halafu utaratibu ukabadilika. Tukaambiwa wagonjwa waliopata nafuu warudi makwao, watibiwe karibu na ndugu zao. Sindano kila mwezi pale zahanati, na mhudumu wa afya wa mtaa awe anapita kuwajulia hali. Kwa mdomo nilisema ni jambo jema. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, moyoni nilinung'unika. Alipokuwa kule, ugonjwa ulikuwa wa madaktari. Sasa ulikuwa umehamia chumba cha pili nyumbani kwangu.

Kumbe alikuja vizuri. Anachomwa sindano yake, analala, anaamka, anashona. Akawa ananitania kwamba mchele wangu una mawe kuliko mchele. Miezi ikapita, nami nikasimama hapa hapa nilipo, nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya. Mlipiga makofi, mnakumbuka. Yalipoanza kupungua, nikaongeza: "Na dawa hatumii tena!" Hilo neno sikulipanga. Lilitoka tu, na kanisa zima likainuka.

Yeye alikuwa amekaa mbele yangu. Sikuwa nimemwomba ruhusa hata kidogo.

Siku ya sindano ikafika. Pale zahanati mnapajua, benchi la kliniki liko nje, linatazamana na njia ya sokoni, na nyie wote mnapita pale na vikapu vyenu. Nikaona mkimkuta amekaa pale, mimi ndiye nitaitwa mwongo. Nikamwambia abaki nyumbani. Akanijibu taratibu kwamba sindano ikichelewa huwa anaanza kwa kukosa usingizi. Nikamwambia, "Ukionekana kwenye foleni ile, mimi sura yangu nitaiweka wapi?" Akavua viatu, akaenda jikoni kuosha vyombo. Mhudumu wa mtaa alipopita kuuliza, nilimdanganya kwamba amesafiri kwenda Itaka kwa ndugu. Mwezi uliofuata nikamdanganya tena.

Usingizi ukapotea kama alivyosema. Akawa anaosha vyombo visafi. Siku moja nikarudi kutoka dukani, hayupo. Tulimkuta ng'ambo, kwenye maegesho ya malori, anagonga milango ya madereva mmoja mmoja akiwasihi wageuze, mbele kuna moto. Miguu peku, imechubuka. Shangazi yetu wa Nakonde alikuwa amefika kabla yangu, amemfunga kitenge chake mwenyewe na kuketi naye chini kwenye vumbi. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa Kinamwanga kama huyu mtoto amekula.

Nesi akaja nyumbani na mhudumu. Akauliza nani aliyesimamisha dawa. Nilifungua mdomo, huu huu usio na breki, nikaufunga. Mdogo wangu, katika hali ile ile aliyokuwa nayo, akasema, "Niliacha mwenyewe, nesi."

Nami nikamwacha nesi aandike hivyo.

Sindano zikaanza upya, akarudi polepole. Mimi nikawa nakaa naye pale benchini, mnapita mnatusalimia, wengine mnapita mnaangalia pembeni. Nilidhani nimelipia. Lakini lile neno la kwamba aliacha mwenyewe lilikuwa limeshatoka nje. Alipoomba arudi kwenye chumba cha kushonea cha akina mama wa kanisa, alikokuwa akishona, kikao kikakaa. Simtaji mtu, ila ilisemwa: huyu anaacha dawa mwenyewe, mkasi tutamwachiaje? Mimi nilikuwepo. Ndiye niliyekuwa nagawa chai. Nikaendelea kugawa.

Nyumbani akaniuliza wamesemaje. Nikasema wamesema tusubiri. Akasema, "Wana haki, dada. Mtu anayeacha dawa hovyo haaminiki."

Ndugu zangu, alikuwa hanifichii mimi tena. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kweli aliacha mwenyewe. Nimemwekea mzigo wangu kichwani mpaka anaona ni wake. Usiku ule nililia kwa aibu, na asubuhi nikamwambia nitasimama kanisani. Safari hii niliomba ruhusa. Akafikiri, akasema, "Sawa. Ila usiseme nimepona. Sema naendelea vizuri."

Basi, mdogo wangu anaendelea vizuri.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi aliyeketi chini. Namshukuru mhudumu wetu aliyerudi kubisha hodi kwenye mlango uliomdanganya. Nesi, nimekuomba uje leo kwa sababu swali lako sikulijibu siku ile. Mwenzenu nilichojifunza ni hiki: wagonjwa wetu wamerudishwa wakae na sisi, na dawa imesogezwa mpaka mlangoni, lakini foleni ile inapita mbele ya macho yetu. Tukiwaonea haya, tumewafukuza tena. Mkimwona mtu benchini pale, msalimieni, mwulizeni bei ya nyanya, mpite.

Na akina mama wa kushona, nawaomba. Huyu hajawahi kuacha dawa. Aliniambia kitakachotokea, nikamkataza, kikatokea, akanifichia. Mpeni cherehani yake na mkasi wake. Kama kuna mtu wa kutoaminiwa katika nyumba ile, mwangalieni vizuri, ndiye huyu amesimama mbele yenu.