Dirisha Lililozibwa kwa Blanketi

Bi Mwanamisi alikuwa akimteremsha mkwewe Zaina kwa basi, kutoka milimani Magamba hadi kwa mganga wa Mombo, maana tangu ajifungue miezi kadhaa iliyopita hasemi wala hacheki.

"Amerogwa," alimwambia Hashimu, abiria wa pembeni.

"Huwa anatoka nje?"

"Mzazi atoke na ukungu wa Magamba? Yumo chumbani, dirisha nimeliziba kwa blanketi."

"Miezi yote hiyo gizani! Mama, hata miche ya kabichi ukiifunika hivyo inapauka."

"Mimi nilifungiwa vilevile. Nilikufa?"

"Hukufa. Ulicheka lini?"

Tangu enzi za bibi zetu, ukatili huu unaitwa matunzo.

Walipopita Soni ukungu uliachia, jua likamwangaza Zaina usoni. Machozi yakamtiririka. Gari liliposimama Mombo, alisema kwa sauti ambayo mama mkwe alishaisahau:

"Mama, nipeleke popote, si chumbani kule."